Viatu Gizani

Nikiri mwenyewe, maana mtaa wetu mzima wa Wattaya umeshanicheka. Nimestaafu jeshi zamani, lakini roho yangu bado inalala kambini. Nnakumbuka harufu ya dawa ya viatu alfajiri, na sajenti wetu akizima taa ghafla, kila mmoja apapase mpaka apate buti zake. Wallahi, nnazitamani mpaka kelele zake.

Ndiyo maana hapa dukani tunapouza magari, kila siku baada ya sala ya adhuhuri nnawapanga vijana mstari, nnawakagua kanzu na viatu.

Juzi nilitoka msikitini mbiombio, nisichelewe gwaride langu mwenyewe. Makubadhi yalinibana vidole vibaya sana. Nikajisemea jua limeyakausha, na askari halalamikii viatu. Nikasimama mbele yao, nikawahadithia ya sajenti.

"Mwanajeshi," nikanguruma, "vyake anavijua hata gizani!"

Hapo akaingia Hamdani, muuzaji wetu hodari, jasho linamtoka, miguuni kavaa ndara za chooni za msikitini.

"Umechelewa, na ndara juu yake!" nikamfokea mbele ya wote. "Ungekuwa kambini ungelala ndani!"

"Niwie radhi, ami," akajibu kwa adabu, macho kayainamisha. "Nilikuwa nnatafuta makubadhi yangu."

Macho yake yakabaki pale pale, miguuni mwangu, na mstari mzima ukayafuata. Nami nikasimama wima kama nguzo, nikimwomba sajenti wangu, popote alipo, azime taa.