Askari Asiyeweza Kurudi Kushoto

Wajukuu wangu husema bibi wa umri wangu hafai kushika mashine ya gemu. Huwajibu wanyamaze wasubiri zamu yao. Nilianza kucheza kabla wazazi wao hawajaoana, na macho yangu bado yanamwona adui kabla hajachungulia. Kinachowakera zaidi ni kwamba mimi sikimbii mbele kama wao. Nikimwangusha mtu husimama kwanza, nikamtazama vizuri, nikajiuliza ametoka wapi. Tabia hiyo sikuzaliwa nayo. Niliipata kwa mama yangu, miaka ya tisini, katika chumba changu cha video mjini Meru.

Kilikuwa nyuma ya soko la Gakoromone: mabati pande zote, mabenchi, televisheni moja na deki moja. Pazia nililishona kwa magunia ya viazi kutoka Kibirichia, na vumbi lake liliwapigisha watu chafya hadi jioni. Wateja wangu walikuwa wanaume wa sokoni, kila mmoja na kifurushi chake cha miraa, wakitafuna huku watu wakirushwa madirishani. Kiingereza cha filamu hakikumsumbua yeyote. Walijua sheria moja tu, kwamba stering hafi. Stering ni yule shujaa ambaye filamu yote ni yake. Hata akisukumwa kutoka juu ya ghorofa, hakuna mteja aliyeacha kutafuna.

Asubuhi, kabla ya kufungua, chumba kilikuwa changu. Nilikuwa na mashine ya gemu niliyoletewa kutoka Nairobi, na kaseti yake moja iliyokubali kufanya kazi baada ya kupulizwapulizwa. Ndani yake mlikuwa na askari mdogo mwenye kofia ya kijani. Alianzia upande wa kushoto wa kioo, akaenda kulia, na kila aliyetokea mbele yake ilibidi apigwe risasi. Huyu naye alikuwa stering, lakini alikufa kutwa kucha. Jambo hilo lilinishangaza. Kwa nini yule wa filamu hafi, na huyu ninayemshika mimi mwenyewe hamalizi hata daraja la kwanza?

Mwaka huo kaka yangu, ambaye alikuwa askari wa kweli, alikuwa ng'ambo na kikosi cha kulinda amani. Kila mwezi alipiga simu kwenye duka lililopakana na chumba changu, akaongea haraka haraka, akakata. Kisha simu zikakoma. Redio ikasema kule kumechafuka. Haikupita wiki mama akafika kutoka kwetu Mbeere, amejitwisha ndengu na blanketi, akasema amekuja kunisalimia. Kunisalimia! Mama ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akisema baridi ya Meru itamvunja mifupa! Alikuja kukaa karibu na ile simu, na sote wawili tulijua. Mwenye duka aliahidi kugonga mabati ikilia.

Basi akawa anashinda kwenye benchi la mwisho, mgongo wake umeegemea ukuta wa duka, na kwa vile macho lazima yaangalie mahali, akawa anatazama filamu. Hakuwa na haja na stering. Aliwatazama wale wanaoanguka.

"Huyo aliyeanguka na pikipiki," aliniuliza kwa sauti, "ni wa kwa nani?"

"Mama, ni sinema. Hajakufa."

"Najua hajakufa, mimi si mtoto. Nauliza ni wa kwa nani. Mbona hakuna mtu anaenda kuambia kwao?"

Wateja wakacheka. Mimi niliona haya kidogo, nikamwomba anyamaze, naye akanyamaza kwa muda wa kumeza mate. Kisha siku moja alisimama wima katikati ya vita, akanyoosha kidole.

"Rudisha hiyo! Rudisha nyuma!"

Kurudisha kanda kulichosha deki, na nilikuwa mkali kwa mambo hayo, lakini kwa mama nilirudisha. Mtu mnene mwenye masharubu alianguka kutoka juu ya paa.

"Si huyu alikufa kule kwa daraja? Walimvalisha tu kofia!"

Tulitazama tena. Kweli, ni yeye. Chumba kizima kilipiga kelele. "Haki ya Mungu, huyu mama ako na macho!" mmoja alisema, na tangu hapo sheria ya stering ikasahaulika. Wanaume wazima wakawa wanawasaka marehemu wanaofufuka. Mimi mwenyewe nilirudia kanda ambazo nilizijua kwa moyo, nikagundua kwamba sikuwahi kuziona. Wako watu waliokuwa na kazi ya kuanguka, na walianguka kwa ufundi, mkono huku, mguu kule, halafu wakainuka wakapanguswa vumbi wakaanguka tena. Mama alifurahi sana. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Nilidhani ni furaha ya sinema tu, nikashukuru kwamba amepata kitu cha kumsahaulisha.

Asubuhi moja alinikuta na ile gemu. Alisimama nyuma yangu akitazama kwa muda mrefu.

"Huyu askari anaongozwa na wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kila kitu unachotaka, anafanya?"

"Kila kitu."

"Nipe."

Nilimwekea kile kishikio mikononi, nikamwonyesha vitufe. Hiki anaruka, hiki anapiga risasi, huku anaenda mbele. Mama hakuruka wala hakupiga risasi. Alimgeuza yule askari, akamwelekeza kushoto, alikotoka. Askari akatembea hatua chache, akagota ukingo wa kioo. Miguu yake iliendelea kukanyaga pale pale. Mama akazidi kukibonyeza kitufe.

"Mbona haendi?"

"Haiwezekani, mama. Hii gemu hairudi nyuma. Inaenda upande mmoja tu."

"Na kwao ni wapi?"

Nilikuwa nimecheza gemu hiyo miezi mingi na sikuwahi kuuliza kama yule askari alikuwa na kwao. Mama alibonyeza mpaka kidole chake kikawa cheupe, na kwenye kioo yule mtu mdogo alikanyaga na kukanyaga bila kusogea. Kisha mama akaniwekea kishikio mapajani.

"Mwana wakwa," aliniita kwa lugha yetu, "mimi naogopa."

Hakuwahi kunitamkia neno hilo. Nilizima televisheni, nikakaa naye, na siku hiyo sikufungua. Wateja waligonga, wakanitukana kidogo, wakaenda zao.

Simu ililia baada ya mvua kuanza. Mwenye duka aligonga mabati kwa nguvu hata deki ikaruka. Kaka yangu alikuwa hai, yuko njiani kurudi. Mama hakungoja hata chai. Alikunja blanketi lake akashuka Mbeere siku hiyo hiyo.

Nilimfuata kwenda kumpokea kaka. Alikuwa amekonda, na aliketi kila mara akiutazama mlango. Kwetu, mtu akitoka mahali damu ilikomwagika, halali ndani kabla mbuzi hajachinjwa na nyama kuliwa na wa nyumba yake. Mama ni mtu wa kanisa, tena wa safu ya mbele, lakini kwa hilo hakumwuliza mchungaji. Kaka alichinja mwenyewe, akachoma, akampa mama fungu lake kwanza. Mimi nilikuwa na maswali elfu: bunduki ya kweli inaruka mkononi? Mtu wa kweli anaangukaje? Nilipomtazama usoni, nikayameza yote.

Mama ndiye aliyeuliza, na ni swali moja tu. "Wale waliokufa huko mbele yako, kwao wanajua?"

"Wengine, mama. Wengine tulizika bila kujua hata majina."

Mama alichukua kisu, akakata fungu lake katikati. Nusu akaila. Nusu akaiweka juu ya jani la mgomba, akaiacha pale katikati yetu, wala hakueleza. Hapakuwa na haja. Kaka yangu aliitazama ile nyama, na kwa mara ya kwanza tangu afike, akalia kwa sauti, na mama akamwacha alie mpaka akamaliza.