Hitilafu Aliyoificha Akonkwa

Kazi ya Akonkwa ilikuwa ngumu kuieleza kijijini kwao Miti. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe anatengeneza kompyuta, naye alishachoka kumsahihisha. Kwa kweli hatengenezi kitu. Yeye hujaribu vilivyotengenezwa na wengine mpaka vilie. Katika ofisi ya vyumba viwili huko mjini, mtaa wa Ibanda, huwaunda wagonjwa wa uongo, elfu mbili kwa mpigo, na kuwatuma wote pamoja wabishe hodi kwenye programu ya zahanati, ili ijulikane mapema kama itastahimili siku wagonjwa wa kweli watakapokuja.

Kazi hiyo alifundishwa na Ornella. Miaka mitatu walikaa meza moja. Jaribio likianza kukimbia, Ornella alivua viatu chini ya meza na kuimba polepole nyimbo za korali ya parokia yao, huku akitazama namba zikipanda. Akonkwa alijifunza mengi kwake, na jambo moja hakuthubutu kumwambia. Hata asubuhi ile mambo ya mji yalipoharibika na watu wakaanza kuhama, alipombebea begi mpaka kwenye gari la kwenda Kamanyola, mpakani, alisema tu, "Ukifika, uniandikie." Gari lilikuwa limejaa, dereva anapiga kelele. Ornella alivukia Bujumbura, na kutoka huko akapata kazi Kampala.

Zaidi ya mwaka ukapita. Waliandikiana sikukuu na siku za kuzaliwa, basi.

Kisha Jumatatu moja jaribio likaanza kufa. Kila lilipofika dakika ya ishirini, kompyuta iliandika kwamba kumbukumbu imejaa, na wagonjwa wote elfu mbili wakapotea mara moja. Papa Emile, mwenye ofisi, alisimama nyuma ya kiti akishika kiuno.

"Programu njo iko inaanguka?" aliuliza. "Bazahanati banaanza lundi ijayo, Akonkwa."

"Sijajua bado, Papa. Jumatatu bado mbali, niachie nione."

Aliliongezea jaribio kumbukumbu maradufu. Likafa dakika ya arobaini. Hapo akaelewa kwamba nafasi si tatizo. Kuna kitu kinachojaza bila kumwaga, na hata ukileta pipa badala ya ndoo litafurika tu, baadaye kidogo. Lakini ni kitu gani? Mchana akamtumia Ornella ujumbe wa sauti.

Jibu likaja kabla hajamaliza kula sambaza zake, wale dagaa wa ziwani. "Akonkwa! Nani iko nakufa, serveri ao mashini yako? Angalia kwanza hiyo, ndugu yangu. Usitibu mutu mwenye haiko mugonjwa."

Alilisikiliza mara nne. Mara ya kwanza tu alikuwa anasikiliza maneno.

Jumanne alikagua seva iliyobeba programu ya zahanati, akaikuta imetulia, haijafika hata nusu ya nafasi yake. Iliyokuwa inakufa ni kompyuta yake mwenyewe. Jumatano asubuhi akaona sababu. Ndani ya jaribio kulikuwa na dirisha dogo linaloonyesha kila jibu analopewa kila mgonjwa wa uongo, tena likiyahifadhi yote, neno kwa neno. Lilifaa wakati wa kufundishia, kwa wagonjwa watano au sita. Ornella ndiye aliyeliweka, zamani, ili amwonyeshe namna ya kusoma majibu. Akonkwa alilizima, akaagiza jumla peke yake ziandikwe kwenye faili. Jaribio likakimbia saa mbili nzima, kumbukumbu ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Alipaswa kufurahi. Saa sita ukaingia ujumbe wa sauti wa Ornella: "Bado iko inakufa?"

Akonkwa akatazama namba zilizotulia. "Bado," akajibu.

Papa Emile alielezwa ukweli siku hiyo hiyo. Ornella alidanganywa siku mbili. Akonkwa alimweleza dalili zilizokwisha kupona, naye Ornella akampa mashauri marefu, na katikati ya mashauri akaanza kuuliza mengine: kama mvua inanyesha, kama korali imepata mwimbaji mpya wa sauti ya kwanza, kama watu bado wanateremka kuogelea ziwani Jumapili. Ijumaa akaomba atumiwe faili la jaribio. Akonkwa akalituma bila kufikiri.

Safari hii Ornella alipiga simu.

"Akonkwa, hii dirisha umeizima. Tangu mercredi, saa tatu ya asubuhi. Faili inasema."

Akonkwa alitoka nje, akasimama kwenye ngazi zinazotazama ziwa. "Ni kweli. Tangu Jumatano."

"Sasa bongo ilikuwa ya nini?"

"Nilidanganya tu, nikitafuta sababu ya kusikia sauti yako," alisema. "Toka siku ya gari ya Kamanyola. Na kabla ya ile siku pia."

Upande wa pili zikasikika honi za pikipiki za Kampala. "Mutu mwenye kuzima hii kitu hawezi kukosa kuona imepona," Ornella alisema mwishoni. "Tangu jana maelezo yako haikuwa inashikana. Niliendelea tu kuuliza."

"Utarudi?"

"Nimetia saini miaka mbili ingine." Sauti yake ilishuka. "Nionyeshe ziwa, tafazali."

Akonkwa aliwasha kamera, akaigeuza simu kuelekea majini, akaishikilia hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatatu zahanati zilianza, na programu haikuyumba. Siku hizi Ornella hupiga kila Jumamosi baada ya chakula, bila hitilafu yoyote ya kusingizia. Mara nyingi mtandao hukatika katikati ya neno. Hapo Akonkwa hukaa na simu kiganjani, asijue kama yeye ndiye apige tena au angoje, akijua kwamba Kampala pia kuna mtu ameketi hivyo hivyo.