Alichemsha Kabureta Kwenye Sufuria la Marehemu Mama

Admin, naomba unifiche jina, maana sisi Waswahili wa Stockholm tuko wachache na tunajuana mpaka viatu.

Nina miaka thelathini na nane, Mtanzania, naishi Vårby gård na nahudumia wagonjwa kule Flemingsberg. Mume wangu naye ni wa nyumbani, alikuja huku kusoma akabaki. Hanywi, hanipigi, hana mchepuko. Mchepuko wake ni gari.

Ni gari la Kimarekani la mwaka sitini na nane, milango miwili, injini kubwa ya kelele. Wanaume wa huku wana ugonjwa wa magari hayo, na mume wangu kaambukizwa. Alilikuta limeoza kwenye banda la mzee mmoja, akaapa kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Usimwambie "kama jipya", atanuna. Ni lilivyotoka kiwandani, mpaka boliti iwe na alama ya kiwanda kilekile kichwani. Aliwahi kuagiza kioo cha taa Marekani, akakisubiri kuanzia kiangazi mpaka theluji ikaanguka. Kilipofika akakigeuzageuza, akasema, "Hiki ni cha mwaka uliofuata," akakirudisha kwenye boksi. Nilikuwa namtania kwamba siku moja atanitafuta na mimi alama ya kiwanda. Tulicheka sana. Sitawadanganya, nilimpenda kwa umakini huo.

Sasa, mama yangu alipofariki, kitu nilichobeba kutoka kwake Moshi ni sufuria lake la pilau. Zito, kubwa, mkono mmoja umepinda. Limepikia misiba, vipaimara na harusi yangu mwenyewe. Hapa kwangu halishuki kabatini ila kwa shughuli ya watu.

Mdogo wangu wa mwisho yuko huku pia, na ana mimba ya kwanza. Nikawaita wanawake wenzetu, Wakenya, Wakongo na sisi, waje tumfurahie kabla hajajifungua. Asubuhi ya siku hiyo nalishusha sufuria, mume wangu kasimama mlangoni pa jiko.

"Utapikia hilo?" akaniuliza.

"Sasa nipikie nini, ndoo?"

Akapisha mlangoni, akaenda zake sebuleni. Nilisikia kaharufu fulani nikaosha tena, nikadhani ni kabati limekaa muda mrefu bila kufunguliwa.

Pilau likaliwa. Mume wangu, ambaye huwa anakomba ukoko, hakugusa. Mdogo wangu akamchokoza, "Shemeji vipi leo, umesusa pilau la dada?" Akasema tumbo halijakaa sawa, akaenda kula mkate jikoni. Lakini sahani za wageni alibeba yeye. Ya pili ya mdogo wangu alimpelekea kwa mkono wake, anatabasamu.

Haikupita wiki, tuko mapumziko ya chakula kazini, Mswidi mmoja mwenzetu anayependa magari hayo akanisogezea simu, kundi lao la magari la mtandaoni, huku anacheka. "Det här är väl din man?" Huyu si mumeo? Nikatazama. Jina la mume wangu, na chini yake picha: jiko langu. Sufuria la mama, mkono uliopinda. Ndani yake kabureta la gari linatokota kwenye maji meusi, na povu juu. Mume wangu ameeleza kwa kujivuna kwamba dawa kali za dukani zinang'oa ile rangi ya dhahabu ya kiwandani, kwa hiyo yeye anachemsha polepole na sabuni. Mtu kamuuliza, mkeo anasemaje? Kajibu, "Hon vet ingenting." Hajui chochote. Na kikatuni cha kucheka. Picha iliwekwa siku moja kabla ya shughuli yangu.

Petroli ya zamani ilikuwa na madini ya risasi, sumu mbaya kwa mtoto wa tumboni, na kabureta ndiko petroli inakopita; uchafu wake wa miaka yote ndio uliokuwa unatokota mle. Jioni hiyohiyo nikamweleza mdogo wangu kila kitu, akaenda kwa mkunga, akapimwa damu. Majibu yakarudi salama. Namshukuru Mungu mpaka kesho.

Nilipomkabili mume wangu alisema, "Nililisugua vizuri, mke wangu, lilikuwa safi."

"Kama lilikuwa safi, kwa nini hukula?"

Akachukua koti, akashuka kwenye gari lake.

Mama mkwe amepiga simu: "Mwanangu, mdogo wako mzima, mume hajakuinulia mkono. Tuwaambie watu ndoa imevunjwa na sufuria?" Hata mdogo wangu mwenyewe ananiambia, "Dada, samehe, yameisha." Labda yameisha kwao. Mimi namwonea kinyaa. Akikaa mezani naangalia kucha zake. Akinitengenezea chai namwambia aanze kunywa yeye. Akinigusa kitandani nasikia harufu ya lile povu, na najua hata haipo. Sufuria lenyewe liko barazani kwenye baridi, kulipikia siwezi na kulitupa siwezi.

Jumamosi alikuja na boksi kubwa, uso umejaa furaha. "Mke wangu, nimezunguka mji mzima. Tazama, linafanana kabisa na la mama. Huwezi hata kuona tofauti."

Linafanana! Anayeniambia hivyo ni yule aliyekikataa kioo cha taa kwa sababu ni cha mwaka uliofuata.

Boksi liko ukumbini, sijalifungua. Jamani, mngekuwa ndugu zangu wa damu mngenishauri nini? Msinijibu habari za sufuria. Nijibuni habari za mtu aliyejua, akasimama pale, akatuacha tule.