Pochi Haitolewi Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa shazia mbili, zile sindano kubwa, na mkanda wa mashine uliokatika. Kiwanda cha kukoboa kahawa pale Mbinga kilikuwa bado cha ushirika, na mashine zake zilizungushwa kwa mikanda ya ngozi ya ng'ombe, mipana kama kiganja. Ukikatika mmoja, kiwanda kizima kinanyamaza. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa, aliniuliza:

"Umesoma mpaka wapi?"

"La pili, Fundi."

"Afadhali. Waliosoma wananichosha kwa maswali. Kaa hapa, tazama mikono yangu."

Nikatazama. Alitoboa tundu kwa msharasi, kile chuma cha fundi viatu chenye ncha na mpini, akapitisha shazia moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, katika tundu hilo hilo, akavuta. Huo ndio mshono wa sindano mbili. Uzi mmoja ukikatika, wa pili unashika. Cherehani haiwezi. Uzi wenyewe tuliupaka nta ya nyuki usioze. Mpaka leo sijaona wa kunizidi katika mshono huo, na anayebisha alete kazi yake tuiweke mezani.

Pochi zilianza na vipande vya mikanda mibovu, ambavyo Fundi Mkuu aliniruhusu nichukue. Ngozi ya mkanda haikunjiki, kwa hiyo nilijifunzia kukata tu. Nilipotumwa Litumbandyosi kutengeneza mashine, nilirudi na ngozi mbili za mbuzi. Niliziloweka kwenye maji ya magome, nikazisugua mafuta ya ng'ombe mpaka zikawa laini kama sikio la ndama. Jioni, nikishatoka kiwandani na kula, nakaa barazani nashona. Mke wangu akauliza, "Unamshonea nani?" Nilishona kwa sababu mikono ilitaka.

Ya kwanza nikampa yeye. Akaifungua, akachungulia, akanirudishia.

"Kwetu chombo hakitolewi kitupu, baba. Hata ungo wa jirani haurudi hivi hivi."

Nikatia punje moja ya kahawa. Akaipokea kwa mikono miwili. Tangu hapo ikawa sheria yangu, nayo ikazaa sheria nyingine: kabla ya kukata ngozi namuuliza mtu anaweka nini. Katekista aliweka rozari, nikamkatia mfuko wa duara. Mzee mmoja wa ushirika aliweka kadi ya chama na ugoro. Nikampigia ukuta katikati, kadi isinuke.

Sikuuza hata moja. Watu hawakunielewa, hasa enzi za ruksa zilipofika na kila baraza likageuka duka: mitumba hapa, sabuni pale. Jirani yangu alinisimanga mbele za watu.

"Kapinga, wewe una kiwanda mikononi, unakichezea."

"Ndiyo, nakichezea. Wewe unacheza bao kutwa, nani amekuuliza faida?"

Kisha soko la kahawa likafunguliwa, makampuni yakaja, na moja likachukua kiwanda chetu. Likaleta Meneja, kijana wa mjini ambaye viatu vyake viling'aa hata masika. Asubuhi moja akaniita ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeona pochi zako. Nataka za kuwapa wakulima, wasitukimbie na kahawa yao. Zote sawa, alama ya kampuni mbele. Mikanda waachie vijana. Kazi yako sasa ni pochi."

"Hao wakulima wanaweka nini ndani?"

"Watajua wenyewe, mzee! Wewe nipe pochi."

"Tupu?"

"Pochi mpya si lazima iwe tupu, mzee wangu?"

Nilijua ninachezea nini. Mikanda ya mpira ilikwisha kuanza kuja, nayo haishonwi. Nyumbani nilikuwa na watoto wanasoma. Nikikataa, kazi inaweza kwenda. Nikikubali, jioni zangu zinakwenda. Nikamwambia:

"Meneja, nitume lolote. Nifagie, nibebe magunia. Pochi hapana. Kitu hiki kikishakuwa kazi, jioni nitakaa barazani nifanye nini?"

Alicheka. Alipoona sicheki, akafunga kalamu yake.

Hakunifukuza. Alinipeleka Ngumbo, kando ya ziwa, kwenye kinu cha mpunga cha kampuni. Sisi watu wa milimani tuliona huko ni adhabu: joto, mbu, na ugali wa muhogo. Mkuu wa Kituo alikuwa mama wa Kinyasa asiyejua kunong'ona.

"Ndiwe uliyemkatalia Meneja? Karibu! Hapa utakula samaki mpaka uote magamba."

Akaniomba pochi ya funguo za ghala. Mafuta ya ng'ombe sikuyapata, nikasugua ngozi kwa mafuta ya kambale. Ililainika ajabu. Kesho yake paka akaondoka nayo.

"Fundi! Pochi yako iko juu ya paa na funguo zangu!"

Nikapanda. Wavuvi chini wanashangilia: "Fundi wa milimani anashona samaki!" Ya pili niliisugua nta tupu, na hapo nikagundua kwamba maji ya ziwa hayapenyi haraka. Wavuvi wale wale wakaja mmoja mmoja, wapole, kila mmoja na anachoweka. Basi jioni zangu zikawa na watu kuliko Mbinga. Adhabu ile ilininenepesha.

Nilistaafia huko huko, nikabaki. Kampuni nayo iliondoka kama ilivyokuja. Nawaambia vijana: kazi ya kulisha watoto ifanye vizuri, usiidharau, lakini bakiza kitu kimoja ambacho bosi hawezi kukiagiza.

Msimu mmoja wa usipa, dagaa wa ziwa letu, akapita mnunuzi mwenye viatu vya vumbi. Sikumtambua mpaka aliposema shikamoo.

"Meneja!"

"Nilikuwa, mzee. Sasa nanunua dagaa." Akaangalia mikono yangu. "Bado unashona?"

"Unaweka nini?"

Alijipapasa. Kisha akatoa picha kwenye mfuko wa shati, imejikunja kwa jasho. Binti yake, yuko kwa bibi mbali. Nikaipima kwa vidole. Gari lake la mzigo lilichelewa, akakaa na mimi barazani, akanipakia uzi nta wakati nashona. Nilipompa akaifungua, ikadondoka punje ya kahawa kiganjani.

"Hizi nilikuwa nanunua kwa magunia, mzee."

"Hiyo ni moja," nikamwambia. "Ya kwako."

Akairudisha ndani kwanza, ndipo akaweka picha.