Alama za Kitambaa kwenye Banzi

Fundi cherehani alipoingia chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini asubuhi ile, niliutazama mkono wake kabla ya uso. Vidole vinne vya kulia vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, kana kwamba vimeshika kitu asichotaka tukione.

Miezi miwili kabla, pasi ya moto ilimponyoka ikielekea kwenye gauni la mteja lililotandazwa mezani. Aliidaka kwa kiganja. Gauni lilisalimika, kiganja kikapandikizwa ngozi kutoka pajani. Jeraha lilipofunga ndipo alipoletwa kwangu, maana kovu la moto huendelea kusinyaa kwa miezi mingi, likivuta vidole pamoja nalo. Kazi yangu ni kutengeneza banzi: kibao cha plastiki ninachokilainisha kwa maji ya moto, nikakifinyanga juu ya mkono wenyewe, kikapoa na kuwa kigumu. Huvaliwa usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana, ili kiganja kibaki wazi hadi kovu litulie. Kama vidole vyake visingefunguka, visingeingia tena kwenye matundu ya mkasi, na alikuwa ameushika mkasi huo kwa miaka ishirini na mitatu.

Nilipima kidole cha kati. Wiki ya kwanza kilikuwa kimejikunja digrii kumi na tano. Hii ilikuwa wiki ya nne, na kipimo kilisoma thelathini na mbili.

“Mama, banzi unalivaa?”

“Kila siku.”

“Na ukilala?”

“Na nikilala. Muulize wifi yangu, tunalala chumba kimoja.”

Wifi alikuwa ameketi benchini, mkoba mapajani. “Analivaa, mwanangu. Juzi kajigeuza kitandani akanipiga nalo puani. Nikadhani tumevamiwa.”

“Ulistahili,” fundi akamjibu. “Unakoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta.”

Sikucheka. Jibu lilikuwa limekuja upesi mno, na nimewahi kuona ndugu wakimfichia mgonjwa kwa kumhurumia. Nililichukua banzi nikalinusa. Lilinuka jasho na mafuta ya kupaka kovu, na mikanda yake ya kunata ilikuwa imejaa nyuzi za shuka. Basi lilivaliwa. Shaka ikanigeukia mwenyewe. Nilifungua faili lake, nikautoa mchoro nilioupiga siku ya kwanza kwa kuzungusha penseli kando ya mkono wake, nikasoma tena vipimo. Havikuwa na kosa.

Nililaza banzi mezani. Nilikuwa nimelitengeneza likiwa bapa sehemu ya vidole. Sasa sehemu hiyo ilikuwa imeinuka kama ulimi wa kiatu kikuukuu.

Nikalipeleka dirishani. Plastiki yangu huwa laini kama sahani. Juu ya hii palikuwa na vijistari vidogo vilivyokatizana, vya wima na vya ulalo, vimepangana sawasawa kama nyuzi za kitambaa.

“Mama, umelipiga pasi.”

Wifi akaanza kuchunguza dari.

“Nilitanguliza kitambaa kibichi,” fundi akasema. “Siwezi kuweka pasi juu ya plastiki hivi hivi. Mimi si mwanagenzi.”

“Kwa nini?”

“Lilikuwa linanibana. Nguo ikimbana mteja, unaiachia. Nami nimeliachia kidogo tu, kila Jumapili.” Akaniangalia moja kwa moja. “Na nikwambie ukweli, sikukuamini. Kila nikija unavuta vidole, unaandika, unasema rudi wiki ijayo. Nikajiuliza, kitu hiki kinaniponya au kinaniweka kwenye foleni?”

Nilimweleza kwamba mkono wenye kovu hupata raha unapojikunja, na kwamba kila Jumapili aliyoona nafuu alikuwa amepoteza digrii kadhaa. Alisikiliza bila kupepesa macho, kama anayesikiliza mteja akidai kwamba kitambaa alicholeta kilikuwa mita tatu.

“Sasa?”

“Nitakufunga plasta ngumu, kama ya aliyevunjika mfupa, vidole vikiwa vimenyooshwa kiasi. Baada ya wiki naikata, nanyoosha zaidi, nafunga nyingine. Hiyo haipigwi pasi.”

“Humjui,” wifi akasema. “Atajaribu.”

Nilikuwa tayari nalowanisha bendeji ya plasta niliposita. “Banzi lilikubana wapi hasa?”

Alitoa chaki ya kushonea mkobani, akaishika kwa mkono wa kushoto, akachora mstari kwenye ukingo wa banzi, chini ya kidole gumba. “Hapa. Nilikwambia siku ile ile, ukasema nitazoea.”

Nilikumbuka kusema hivyo. Nikageuza mkono wake: pale palipochorwa, ngozi ilikuwa na mfereji mwekundu. Kovu halikuhusika. Ni ukingo wangu niliouacha mrefu.

“Kosa langu,” nikasema.

“Naona.”

Alifungwa plasta tatu, wiki baada ya wiki. Kisha nikamtengenezea banzi jipya, ukingo ukiwa umekatwa kwa kufuata chaki yake.

Aliporudi baada ya siku saba, nililichukua banzi kwanza nikaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

“Unatafuta alama za kitambaa,” akasema.

“Ndiyo.”

“Tafuta.” Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amechora umbo la banzi kutoka ubavuni siku niliyompa. Akalipokea banzi mkononi mwangu, akalilaza juu ya mchoro wake, akafuata mstari kwa kucha. “Nami nakukagua, usije ukalibadilisha nisipoangalia.”

Mistari ililingana. Kipimo cha kidole cha kati kilisoma digrii tisa.

Akatoa mkasi wake mkubwa. Vidole viliingia polepole. Cha kati kikasita kwenye tundu, kisha kikapita. Akakata pembe ya karatasi ile, mkato mmoja mnyoofu, bila kuugusa mchoro.

“Wiki ijayo?” akauliza.

“Wiki ijayo.”

Akaukunja mchoro mara nne, akaurudisha mkobani.