Cheti Kilichonifanya Ndugu wa Mchumba Wangu

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hata leo nikipita Kanoni kuna mzee mmoja lazima aniulize kama dada yangu hajambo, na huyo dada anayemtaja ni mke wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, mimi kijana wa Igurwa, nimempenda Devota wa Kanoni na siku ya kujitambulisha kwao imeshapangwa. Sasa kwetu Karagwe huendi ukweni ukataja jina na kazi ukaketi. Unaulizwa ukoo, na kila ukoo una mwiko wake, kitu wasichokula, na watu wa ukoo mmoja hawaoani hata kama hawajawahi kuonana. Mimi ukoo wa kutaja sikuwa nao. Nilipomuuliza baba alinijibu, "Sisi ni watu tuliokuja kuchuma kahawa," akaendelea kukata majani makavu ya migomba. Jibu hilo lilinichoma. Nikaamua, mimi na akili zangu, kwamba ukoo nitautafuta parokiani kwenye kitabu cha ubatizo, kwa sababu kilichoandikwa hakuna wa kukibishia. (Devota sikumuuliza ukoo wake, maana ukimuuliza mtu ukoo naye anakuuliza wako.)

Jamani, kile kitabu! Mara ya kwanza karani akasema mwenye ufunguo wa kabati yuko msibani. Mara ya pili akataka barua ya mwenyekiti wa kijiji, nikaipeleka, akasema haina tarehe. Safari ya nne kitabu kikatoka, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, tukapekua weee hadi tukampata babu yangu, Barampama, na mbele ya jina lake ukoo umeandikwa kwa wino mzuri, tena ukoo mkubwa, wa watu wenye vibanja vya migomba na ng'ombe! Nikatoka pale kifua mbele. Karani alininakilia cheti akagonga mhuri, nikakitia kwenye bahasha nikaigundisha mwenyewe, nikamwagiza mshenga wangu asiifungue hadi tuulizwe mbele za watu.

Tukaulizwa. Tulikuwa tumeshakaribishwa na kutafuna buni za kahawa kama wageni, baba yake Devota akakohoa na kusema, "Haya, wageni wetu, nyie ni wa ukoo gani?" Baba akafungua mdomo, mimi nikamkanyaga mguu (nakiri, nilimkanyaga baba yangu mzazi), mshenga akasimama, akachana bahasha, akasoma kama anasoma somo kanisani.

Mwiko mmoja ukasikika ukianguka jikoni.

"Huo ni ukoo wangu," akasema baba yake Devota. "Mmepanda mlima wote huu kuja kumwoa dada yenu?"

Wanawake wakaanza kurudisha vyakula ndani, Devota akavutwa mkono huku analia, shangazi yake akatema mate chini karibu na kiatu changu, na mimi nimekaa na koti la kuazima nimeshika bahasha tupu. Nilijua nimempoteza, na nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndipo baba akasimama. "Karatasi ni ya mwanangu," akasema. "Mimi ni mtoto wa Barampama. Alitoka Burundi na jembe begani, akalima vibanja vya watu hapa hapa Kanoni. Ukoo huo si wetu."

Bibi yake Devota, ambaye muda wote alikuwa anasinzia kwenye mkeka, akainua kichwa. "Barampama? Yule aliyetupikia pongo?"

Akacheka hadi akakohoa. Ukoo wao hawali pongo, yule mnyama wa porini, na babu yangu siku moja wenyeji wake wakiwa kanisani alimpika ndani ya chungu chao, wakakivunja chungu. Na mume wa bibi ndiye aliyekuwa msimamizi wa babu siku ya ubatizo. "Karani aliuliza ukoo, Barampama hajui lugha, anatabasamu tu," akasema bibi, "basi wakamwandikia wa kwetu."

"Kumbe mjukuu wa kibarua!" mtu akasema huko nyuma, na watu wakacheka. Hapo aibu ikaniisha, ikaja hasira. Nikasimama na koti langu la kuazima. "Ndiyo, mjukuu wa kibarua. Migomba hii mliyokalia kivuli chake aliilima yeye. Pongo ninakula, nimekula juzi. Na Devota bado namtaka."

Baba yake akaniangalia sana. "Utapika pongo nyumbani kwa binti yangu?"

"Nitampika nje, mzee, kwenye chungu changu mwenyewe."

"Huyu si ndugu yetu," akasema bibi. "Mpeni rubisi anywe."

Kule parokiani niliambiwa kurekebisha kitabu kunahitaji mashahidi watatu na barua nyingine, yenye tarehe. Nikawaambia wakiache. Mpaka leo kinasema mimi na mke wangu ni ndugu, na kiendelee kusema, sisi tuna watoto watano na vyungu viwili. Ila baba yangu sitamkanyaga mguu tena.

Siku ya kumbatiza mtoto wa kwanza, karani yule yule akashika kalamu akauliza, "Ukoo?" Baba alikuwa kando yangu, akaangalia chini.

"Andika: walikuja kuchuma kahawa," nikasema.

"Hakuna nafasi ya maneno hayo," akasema karani.

"Basi andika pembeni," nikamwambia, "nasubiri."