Sauti Iliyojua Namba Yetu

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji huko Chonyonyo. Redio ya upepo, ile ya kuitia gari la hospitali mgonjwa akizidiwa, iliwekwa sebuleni kwetu kwa sababu mlango wa zahanati haukuaminika.

Vita vilipopamba moto ng'ambo ya mto, sauti za wanaume zikaanza kuingilia mawasiliano yetu. Waliongea Kinyarwanda, haraka haraka, na mara nyingine walicheka. Mume wangu alisogeza antena, akakaza nyaya za betri, akabadili chaneli. Zikarudi vilevile. Mama mmoja aliyetuchumia kahawa, aliyekuwa amekimbia kutoka huko akimshika mwanawe mkono, alizisikia akiwa mlangoni, kikapu kikamponyoka.

"Wanasema nini?" nilimuuliza.

"Wanataja majina ya watu wanaowatafuta, mama."

Akaokota kikapu, akaenda kumtafuta mwanawe.

Tukaleta fundi kutoka Bukoba. Aliitegesha redio ikae kimya mpaka anayeita aingize kwanza namba yetu. "Asiyeijua namba atabaki nje," alisema. Kweli nyumba ikatulia. Mama mkwe, aliyekuwa akiifunika redio kwa kitenge, akaacha.

Asubuhi moja nikijiandaa kwenda kazini, redio ikalia. Nilijua ni hospitali.

"Shikamoo, mama nesi." Mwanamume, Kiswahili safi, hana haraka.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yule dada anayewachumia kahawa, mtoto wake amepona kikohozi?"

Niling'oa waya wa betri. Nikamweleza mume wangu. Aliwapitisha mama yule na mtoto katikati ya migomba, kibanja hadi kibanja, akawafikisha misheni, na kutoka huko wakapelekwa mbali. Hatukuambiwa wapi, nasi hatukuuliza.

Fundi alirudi, akaifungua redio, akaikagua kipande kwa kipande.

"Hakuna kilichoharibika," alisema bila kunitazama. "Mtu amepewa namba."

Tulioijua tulikuwa sisi, yeye, na watu wachache wa hospitali. Akaweka namba nyingine. Jioni ile mume wangu alisema tuwape hospitali namba mpya, maana wajawazito hawangoji. Nikawapa, huku nikiwaza ni nani kati yao aliyeitoa ile ya kwanza. Wote walishakula nyumbani kwetu, na mtoto yule alikuwa akiwaletea maji ya kunawa.